Kiungo cha Cheni

Bi Harusi ana sisi mia na ishirini na tano,
tangi jeupe, kioo kimoja, cha kushoto,
na kikohozi cha bibi anayefunga kanga.
Jana tuliondoka Makambako, mimi na yeye,
tukalala Morogoro, nyumba ya wageni
yenye ndoo moja na taa isiyozimika.

Leo alfajiri nilimpiga teke la kwanza, akakataa.
La pili.
La tatu akanijibu.
Chalinze chai nilinywa nimesimama.
Mlandizi lori la mafuta lilinitangulia,
nikala moshi wake mpaka Kibaha
nikikariri jedwali la kumi na saba kwa sauti,
maana mwalimu wa hesabu hasinzii akihesabu.

Dar es Salaam haikuanza kwa bahari.
Ilianza kwa joto kuingia mikononi mwa koti,
kisha dizeli na chapati, kisha bango la mganga,
kisha Kibamba,
na Kibamba cheni ikakatika.

Injini inanguruma, gurudumu halina habari.
Nikashuka, nikasukuma,
jua la saa nne mgongoni kama mdai.
Simu ikaita. Kayanda, yuko Kigamboni tayari:
"Mwalimu, wenzako wote tumefika!
Wa Moshi, wa Tanga, hata yule wa Singida
na lile dude lake la sisi elfu moja.
Upo wapi?"
Nipo, nikasema. Nikakata.

Kijiweni, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu,
bodaboda wanne walinitazama
kama watu wanavyotazama mvua ya Agosti.
Mmoja akaja. Ndala, kizibao cha njano,
jina kifuani kwa kalamu nene: PAZI.
"Mama, unatoka wapi na hiki kidude?"
"Makambako."
Akapiga mluzi. Akachuchumaa.
Akaipitisha cheni vidoleni
jinsi mshonaji anavyokagua pindo.
"Kiungo kimekufa. Duka la vipuri mpaka Mbezi."
Akawaza kidogo.
Akaenda kwenye pikipiki yake, akainua kiti,
akarudi na kiungo kimoja
kimeviringishwa kwenye karatasi ya mkeka uliochanika.
"Hiki nilijiwekea mwenyewe."

Dakika ishirini: spana namba kumi, jiwe,
matusi mawili ya heshima.
"Unakwenda wapi hasa?"
"Kigamboni. Kukutana na wenzangu,
waendesha pikipiki."
Hakuinua uso.
"Wenzako ndio kina nani?"

Nina miaka ishirini na mbili ya chaki.
Nimewafelisha watoto
kwa maswali mepesi kuliko hilo.

Hela alikataa. Ya maji alipokea,
akawarushia vijana chupa mojamoja.
"Nifuate, mama. Kimara pana foleni, watakubana."
Nikamfuata.
Bega lake lilishuka kabla ya kila shimo,
mguu ukanyooka kunionyesha mchanga,
ishara zilezile ambazo kundi letu
tulifundishana kwa michoro na mishale.
Sijui yeye alifundishwa na nani.
Labda na goti.
Ubungo mtu akamwita kando ya barabara, "Boda!"
Akainua mkono, akakata kona,
akaingia katikati ya vizibao vya njano
na sikumjua tena ni yupi.

Kigamboni walinipigia honi zote.
Pilau, stika ya mwaka huu, uongo kuhusu mvua.
Mmoja ana sisi mia sita, mwingine mia tisa,
na mimi, kwa sahani ya plastiki, nikachungulia
kule Bi Harusi alikoegeshwa akipoa, tik, tik,
kiungo kimoja kiking'aa kwenye cheni nyeusi
mithili ya jino la dhahabu.

"Kumbe cheni ilikatika?" Kayanda akauliza.
"Nani alikufungia?"
"Mwenzetu mmoja, pale Kibamba."
"Mwenzetu? Wa kundi gani?"

Nikachukua mnofu mkubwa kuliko yote
ili mdomo upate kazi.